Lushoto kwa siku moja na marafiki: mwongozo wa kutoka Tanga alfajiri na kurudi usiku uleule

Safari ya Lushoto ya siku moja hupangwa kuanzia mwisho. Kabla hamjabishana nani aje, gari gani au mpike nini, andikeni kwanza saa ya kuondoka Lushoto: saa kumi kamili jioni. Saa kumi na nusu mmeshachelewa. Mambo mengine yote ya siku hiyo yapangeni mkirudi nyuma kutoka hapo.

Nalisema hili kwa uchungu. Mara ya kwanza tulipanda watu kumi na wanne, na orodha yetu ya sehemu za kutembelea ilikuwa na vituo saba. Saa kumi na mbili jioni ndiyo kwanza tunapakia kabichi. Tukaanza kushuka giza limeingia, ukungu umelala barabarani kama shuka, mbele yetu lori la mboga linatambaa, na dereva anapangusa kioo kwa kofia yake. Ndani ya gari hakuna aliyezungumza hadi tulipoona taa za Mombo. Tanga tuliingia karibu na saa sita usiku, na kesho yake ilikuwa siku ya kazi. Katika vile vituo saba tulivyopanga, hakuna hata kimoja tulichokaa zaidi ya dakika ishirini.

Kwetu Tanga husemwa "waja leo, waondoka leo". Kwa Lushoto inawezekana kabisa, ila kwa masharti.

Ramani ya siku, kwa hesabu

Kutoka Tanga mjini unapita Muheza hadi Segera, unakunja kulia kuelekea Korogwe, unaendelea na barabara kuu ya Moshi na Arusha mpaka Mombo. Mombo ndipo unapoiacha barabara kuu na kuanza kupanda mlima. Kutoka hapo hadi Lushoto mjini ni kama kilomita 33, zote lami. Ukijumlisha, kwenda ni kilomita 165 hivi. Kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya kule juu, piga hesabu ya kilomita 350.

Umbali si mkubwa. Kinachokula muda ni vijiji vya njiani, ambako mwendo ni kilomita 50 kwa saa na trafiki wapo, kisha kona za mlimani. Tanga hadi Mombo wekeni saa mbili na robo. Mombo hadi Lushoto wekeni saa moja nzima, hata kama mtu atakuambia yeye hutumia dakika arobaini.

Ratiba yetu siku hizi ni hii: tunaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, mara baada ya swala. Tunafika Mombo saa mbili kasorobo, Lushoto saa tatu na robo, kisha Irente, ukingo wa mlima wenye mandhari, saa nne. Chakula ni saa saba, soko saa nane na nusu. Alasiri tunaiswali pale pale mjini, saa kumi tunaondoka. Saa kumi na moja jioni tuko Mombo na jua bado lipo. Magharibi ikiwakuta maeneo ya Muheza, jueni siku imekwenda sawa: giza limewakuta tambarare, na kona mmezimaliza kukiwa na mwanga.

Watu na hela

Idadi nzuri ni watu kumi hadi kumi na wawili kwenye Haisi moja. Najua ina viti zaidi, na najua kila kichwa kinachoongezeka kinapunguza mchango. Lakini viti viwili vya nyuma mtavitaka jioni kwa ajili ya mizigo. Aliyewahi kukaa saa tatu na nusu na debe la viazi mapajani hahitaji kuelezwa.

Chagueni mweka hazina mmoja, na hela zote ziingie kwenye namba yake peke yake. Tarehe ya mwisho ya kulipa iwe siku nne kabla ya safari, na anayesema "nitalipa tukionana stendi" ahesabiwe kuwa hayupo. Si ukorofi. Gari linakodiwa kwa hesabu ya vichwa, na kichwa kimoja kikikosekana alfajiri, wengine ndio wanaolipa.

Hesabu yenyewe ina mafungu matano: gari, mafuta, posho na chakula cha dereva, viingilio, na akiba. Mafuta msikadirie kwa macho. Haisi ikienda wastani wa kilomita 8 kwa lita, kilomita 350 ni lita 44. Kwa sababu ya mlima fanyeni 50. Zidisheni kwa bei ya mwezi huo. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo safari ikiwa mwishoni mwa wiki hiyo, subirini tangazo kabla ya kutaja mchango. Akiba iwe sehemu moja ya kumi ya jumla. Isipotumika, irudishwe, kundi likirudishiwa hela mara moja, safari ijayo hakuna anayechelewa kulipa.

Manunuzi ya sokoni yasiingie kwenye mchango. Kila mtu na mfuko wake.

Gari na dereva: hapa msibane matumizi

Mnaweza kubana kila kitu, chakula mkabeba cha nyumbani, lakini si hapa. Barabara ya Mombo ni nyembamba, upande mmoja jabali, upande mwingine korongo, na malori ya mboga yanapita humo kila siku.

Swali la kwanza kwa mwenye gari lisiwe bei. Ulizeni: dereva ameshapanda Lushoto mara ngapi? Kisha muulize dereva mwenyewe anashukaje. Anayejua atajibu bila kufikiri kwamba anashuka na gia: gia ya pili, mahali pengine ya kwanza, breki anaigusa tu. Akikuambia gari lake lina breki nzuri sana, mshukuru, tafuta mwingine. Anayeshuka kilomita 33 amekanyaga breki, breki zinapata moto, na zikishapata moto hazishiki, hata ziwe mpya.

Siku moja kabla, mmoja wenu aende kuliona gari kwa macho, si kwa picha. Aangalie tairi zote, na ile ya akiba. Aombe gari liwashwe na taa zote ziwake, hasa taa za ukungu. Achungulie kama kuna mikanda ya viti inayofunga kweli, maana mikanda mingi imefichwa chini ya makava. Aulize leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima kama ziko hai. Mkizuiliwa Korogwe kwa sababu ya karatasi, saa moja imeondoka na haitarudi.

Posho ya dereva mpeni asubuhi nusu, jioni nusu. Na mchana apewe nafasi alale. Sisi tukifika Irente, dereva wetu hujifungia ndani ya gari, anafunika uso kwa kofia, na hakuna anayeruhusiwa kugonga kioo.

Mwezi gani

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mimi siendi. Mvua hulegeza kingo za mlima, mawe na udongo huporomoka barabarani, na mnaweza kukaa Soni, njiani kabla ya Lushoto, kwa muda wa saa tatu mkisubiri njia isafishwe. Juni hadi Agosti kumekauka, kweupe, na baridi. Mtu wa pwani asidanganyike na neno "kipupwe". Asubuhi ya Julai kule juu mdomo unatoa mvuke. Desemba hadi Februari kuna joto kidogo na ndio wakati wa plamu na fyulisi. Kama lengo lenu ni matunda, nendeni wakati huo. Vuli huwa inachezacheza kati ya Oktoba na Desemba: koti la mvua mbebe, lakini safari msiahirishe.

Mfuko wa kila mtu

Sweta, hata kama Tanga mnatoka jasho linawachuruzika. Raba zenye meno chini. Udongo mwekundu wa kule ukilowa ni sabuni, na ndala zimeshawalaza watu chali mbele ya wakwe watarajiwa. Koti jepesi la mvua, chupa ya maji, dawa zako kama una pumu au presha, noti ndogondogo za kulipia vitu vidogo. ATM na mawakala wa pesa za simu wapo mjini Lushoto, ila muuza plamu wa kando ya njia hana chenji ya noti ya elfu kumi.

Kundi zima libebe kitu kimoja zaidi, ambacho watu hukicheka mpaka kona ya tano: kindoo kidogo chenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na ile ya karatasi haihimili kazi tunayoizungumzia hapa.

Mombo, na kifungua kinywa kidogo

Mombo ni mji wa njia panda, joto tupu, mama lishe wameshawasha moto kabla hamjafika. Simameni dakika ishirini na tano: choo, chai, kunyoosha miguu.

Sasa sikilizeni. Mwenzetu mmoja, mnene wa moyo na wa mwili, aliagiza pale supu ya makongoro na chapati tatu, akatucheka sisi wenye chai na andazi. Kona ya nane aliacha kuongea. Kona ya kumi na kitu alikiomba kindoo kwa ishara ya mkono. Toka siku hiyo sheria yetu ni kwamba Mombo mtu anakula kitu kikavu, kidogo, na chai ya tangawizi kama ipo. Supu ipo Lushoto, haikimbii.

Wanaochafukwa na safari wahamie viti vya mbele kabla gari halijaanza kupanda, wasisubiri mpaka hali ibadilike. Macho yaangalie barabara, simu zizimwe, kioo kifunguliwe kidogo. Masikio yakiziba, mmeze mate au mtafune jojo. Mnapanda karibu mita 1,000 ndani ya saa moja, hewa inabadilika haraka.

Kupanda

Hapa ndipo safari inapoanza kulipa. Joto la Mombo linabaki nyuma kona baada ya kona. Mtu wa kwanza anasema "mh, kuna kaubaridi", wa pili anatafuta sweta yake, na kufika Soni wote mmevaa. Mashamba yanaanza kupanda ukutani, matuta ya maharage na karoti kwenye miteremko ambayo mbuzi angeifikiria mara mbili.

Dereva apige honi kwenye kila kona asiyoiona mbele. Msimshindanishe na mtu. Abiria wa mbele awe mtu mtulivu, anayepiga kelele "angalia lori!" kila dakika anamchosha dereva kuliko barabara.

Soni ina maporomoko ya maji yanayoonekana toka barabarani. Simameni dakika kumi, pigeni picha, pandeni gari. Atatokea mmoja anataka kushuka mpaka chini majini. Mwambieni safari nyingine.

Kuanzia maeneo haya mko katikati ya nchi ya Wasambaa. Vuga, upande wa huku wa milima, ndiko walikokaa wafalme wa Kilindi, ukoo ambao masimulizi yanasema ulianzishwa na Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu. Kiswahili mtaelewana popote. Kumbukeni tu kwamba huku salamu haifupishwi: mzee hupewa shikamoo yake, na hujibiwa maswali ya nyumbani na ya safari kabla hujamuuliza njia.

Lushoto: chagueni kimoja

Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliiita Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, wakaifanya mahali pa kukimbilia joto la pwani. Waingereza waliowafuata nao wakaona hapakuwa na kosa katika wazo hilo. Majengo ya zamani bado yapo mjini, na mikaratusi, na hewa iliyowaleta haijabadilika sana. Watu wa Tanga kupanda mlima kutafuta ubaridi ni desturi ya siku nyingi. Sisi tumeongeza Haisi na spika tu.

Mkifika saa tatu na robo, mna kama saa sita na dakika arobaini na tano. Zinatosha kitu kimoja kikubwa, chakula na soko. Vikubwa ni viwili: Irente, yaani mandhari, au msitu wa Magamba, yaani kutembea. Msivichanganye.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Malipo yake ni kwa kontrol namba, yaani namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo mweka hazina awe na salio kwenye simu, na mchukue mwongozaji. Kuna mbega weusi wenye vazi jeupe mabegani, kuna miti ambayo watu watatu mkishikana mikono hamuizunguki, na kuna vinyonga wa milima hii. Mwaka 2006 wanasayansi walipozipanga upya aina za vinyonga wa Afrika Mashariki, kundi moja zima walilipa jina la kisayansi Kinyonga, hivyo hivyo kwa Kiswahili chetu, na wa Usambara wamo. Mtoto akikuletea kinyonga kwenye kijiti ili umpige picha kwa hela, usimpe; kesho atawakamata kumi.

Kwa kundi linalokwenda mara ya kwanza, hasa lenye wasiozoea kutembea, mimi nasema Irente bila kusita.

Irente, kwa kirefu

Kutoka mjini ni kilomita tano au sita, njia ya vumbi inayopita kijiji cha Yoghoi. Gari linafika karibu kabisa. Ila nawashauri hivi: wenye miguu washuke mjini na waende kwa kutembea, saa moja na nusu ya mwendo wa mazungumzo, wengine wapande gari na kuwasubiri kule. Ukitembea unapita katikati ya maisha ya watu. Kuna migomba mlangoni, ng'ombe mmoja zizini, mwanamke ana mzigo wa majani kichwani na bado anakuuliza habari za Tanga. Kama mnachukua mwongozaji, kubalianeni bei kabla ya hatua ya kwanza, kwa kundi zima na si kwa kichwa, na muulizeni kama ndani yake mna kiingilio cha kule mbele.

Kisha ardhi inaisha. Sina namna nyingine ya kulisema. Unatembea kwenye majani, kuna mwamba, na baada ya mwamba hakuna kitu. Chini kabisa, kama mita 1,000, kuna Mazinde na mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari kama daftari. Barabara kuu mliyoiacha Mombo asubuhi ni uzi, na mabasi ya Arusha yanatambaa juu yake bila sauti. Mbele zaidi ni nyika ya Wamasai mpaka macho yachoke. Pale Mazinde ndipo alipokaa Semboja, Mkilindi mwenye nguvu wa karne ya 19, akiidhibiti misafara iliyopita njia hiyo. Ukisimama hapa juu unaelewa mara moja kwa nini palikuwa na faida. Upepo unapanda kutoka chini. Mara moja niliwahi kusikia jogoo akiwika kule Mazinde, kwa uwazi kama yuko nyuma ya nyumba.

Usalama: ukingo hauna uzio wa kuaminika, na mwamba ukiwa na umande unateleza. Picha pigeni mkiwa mmekaa. Mpiga picha asirudi nyuma hatua hata moja bila kugeuka kuangalia. Tunamteua mtu mmoja kabla hatujafika, kazi yake ni kuwa kero: kumwita kwa jina yeyote anayesogea. Kazi hii apewe mtu asiyeogopa kuchukiwa.

Mkikuta ukungu umefunga, msikate tamaa na kuondoka. Kaeni. Mara nyingi kufikia saa nne na nusu au saa tano jua linaufungua, kwanza tundu dogo unaloliona paa la nyumba kupitia humo, halafu ghafla nchi nzima. Ni bora kuliko kuikuta wazi.

Njiani Irente pana pia shule ya watoto wasioona na makao ya watoto. Hizo ni nyumba za watu, si vituo vya picha. Anayetaka kutoa msaada apige simu mapema na aupeleke ofisini.

Chakula

Njia mbili. Shamba la Irente linajulikana kwa jibini, mkate na jamu wanavyotengeneza wenyewe, na kula pale bustanini ni raha ya aina yake. Ila kwa kundi la watu kumi lazima muagize siku moja au mbili kabla. Msifike kumi na wawili bila taarifa mkategemea kukuta mkate umewasubiri.

Njia ya pili ni mjini: wali, maharage, mboga za majani zilizochumwa asubuhi, nyama au kuku. Mbinu yetu ni kwamba dereva akishatushusha, mmoja wetu anapita mgahawa, anaagiza kwa idadi, analipa nusu, anataja saa saba. Mkienda wote saa saba na kuanza kuagiza kila mtu lake, mtakula saa tisa, na soko limekwenda.

Soko

Hapa wanaume wanaosema "mimi sinunui kitu" ndio hujaza gari. Saa moja na robo inatosha, mradi mjue mnachotafuta.

Vitu vingi hupimwa kwa sado, kile kikopo kikubwa cha rangi. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji amimine mbele yako. Juu huwekwa plamu nyekundu zinazong'aa. Chini wakati mwingine kuna zilizopondeka, na wakati mwingine chini kumevimbishwa kwa majani. Wengi ni waaminifu, na kumimina hakumuudhi mwaminifu. Plamu za kupeleka pwani chagua zilizoanza tu kubadilika rangi, ngumu kidogo kwa kidole. Zilizoiva kabisa kuleni mlimani. Fyulisi vivyo hivyo, na zenyewe zina ngozi nyepesi zaidi. Peasi ndizo zinazosafiri vizuri kuliko zote.

Karoti chukua zenye udongo, zisizooshwa, zitakaa siku nyingi zaidi. Viazi mviringo angalia visiwe na rangi ya kijani. Kabichi ipime kwa mkono: iliyo nzito kuliko ukubwa wake ndiyo. Mkiamua kuchangia gunia, kataeni lumbesa ya maneno matupu. Ule mlima ulioshonewa juu ya gunia mara nyingi ni hewa na majani.

Bei punguza kwa ucheko. Mkulima amebeba kichwani toka bondeni tangu saa kumi alfajiri, na tofauti ya mia mbili uliyoipigania utainunulia soda Segera.

Matunda beba kwenye ndoo au tenga, kamwe si kwenye mfuko laini. Vizito, viazi na kabichi, viwe sakafuni, mbele ya mhimili wa nyuma. Msipakie juu ya paa. Uzito ukiwa juu gari linayumba kwenye kona, na mnakwenda kwenye kona.

Saa kumi

Saa tisa na nusu anayeshika saa apige kelele ya kwanza. Choo, alasiri kwa wanaoswali, kuhesabu watu. Hesabuni vichwa kwa sauti, wala msiulize "wote tupo?", kwa sababu asiyekuwepo hajibu. Daima kuna mmoja amekwenda "kuchukua kitu hapo tu". Kwetu faini yake ni kununulia gari zima maji Mombo, na imefanya kazi kuliko maneno yote.

Kushuka ni kimya kuliko kupanda. Muziki punguzeni, dereva asikie injini yake. Mkisikia harufu ya kuungua, kama raba au waya, mwambieni hapo hapo asimame mahali papana, apumzishe gari dakika kumi na tano. Msimwagie tairi maji. Asione aibu, nanyi msimharakishe.

Mombo joto linawapokea kama mama mkwe, sweta zinavuliwa, na watu wanaanza kulala. Mtu wa kiti cha mbele asilale. Kazi yake kuanzia hapa ni kupiga soga na dereva mpaka Tanga. Muheza simameni, swalini, nunueni machungwa kama bado mna nafasi ya kuweka miguu.

Mweka hazina atume hesabu usiku huohuo, kabla hajaoga: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki kwa kila mtu. Na ndoo za plamu zifunguliwe zote usiku huo, zitandazwe sakafuni juu ya gazeti, kwani zikilala zimefunikwa kwa joto la Tanga, asubuhi mtakuta mmetengeneza jamu bila kukusudia.